Haiking ngumu za Asia: anza na mwezi wa likizo yako, picha baadaye

Ukitafuta mtandaoni njia kali za kupanda milima Asia unaletewa picha kibao za watu wanatabasamu na bendera za rangi rangi nyuma yao, hakuna anayekuonyesha yule aliyelala Gorak Shep, kule juu kwenye njia ya Everest, anatapika usiku kucha, wala yule aliyekata tiketi ya Lombok, kisiwa cha Indonesia chenye mlima Rinjani, mwezi wa pili akafika akakuta mlima umefungwa. Na shida mara nyingi ni moja tu, watu wanachagua njia kwa picha halafu ndo wanaulizia hali ya hewa. Fanya kinyume. Chukua kalenda kwanza, angalia likizo yako inaangukia mwezi gani na una siku ngapi za ukweli (toa siku za ndege, toa siku mbili za dharura), halafu ndo uulize mwezi huo wapi pako wazi. Asia ni kubwa mno, hakuna mwezi ambao utakosa pa kwenda, ila kila mwezi una sehemu ambazo ukienda unajitafutia balaa.

Kwa haraka haraka ramani ya miezi iko hivi. Nepal ni mwezi wa 10 na wa 11, au wa 3 mwishoni mpaka wa 5. Kati ya wa 6 na wa 9 monsuni inapiga, mawingu yanafunika kila kitu, ruba wanakupanda miguuni na barabara zinakatika kwa maporomoko. Lakini miezi hiyo hiyo, ukivuka upande wa pili wa Himalaya, kuna sehemu mvua haifiki kwa sababu milima yenyewe imeizuia: Ladakh kule India, na Karakoram ya Pakistani ambako hata ile monsuni inayofika huwa imeshachoka. Huko wa 7 na wa 8 ndo msimu wenyewe. Kirgizistani nayo hivyo hivyo, kuanzia mwisho wa wa 6 mpaka katikati ya wa 9. Milima ya juu ya Japani inafunguka wa 7 theluji ikishapungua, inaanza kufunga wa 10. Rinjani ya Indonesia kwa kawaida inafungwa kuanzia Januari mpaka mwisho wa Machi kwa sababu ya mvua, nenda wa 5 mpaka wa 9. Kinabalu ya Malaysia inapandwa mwaka mzima ila mvua za mchana zipo tu. Yunnan kule China nenda wa 10 au wa 11, au wa 4 na wa 5. Uturuki na Jordan ni masika yao na vuli yao, yaani wa 3 mpaka wa 5 na wa 10 mpaka wa 11, kiangazi huko jua linakuchoma mpaka unaongea peke yako. Na kama likizo yako ni Desemba basi Hong Kong wana MacLehose Trail, kilomita 100 imegawanywa vipande 10, ilifunguliwa 1979, hali ya hewa kavu na baridi ya kawaida tu, na kila kipande unaweza kufika au kuondoka kwa basi au teksi.

Ukishajua mwezi, swali la pili ni moja: unalala kwenye urefu gani?

Hapa naomba usiruke maana ndo panapoua watu. Ukivuka mita 2,500 hivi hewa inaanza kuwa nyepesi na mwili unahitaji siku kadhaa kujipanga. Urefu hauna habari na mazoezi yako, mtu anayekimbia marathoni anaweza kuanguka wakati mzee anayetembea kama anaenda kununua chumvi anapita salama, tena wenye nguvu ndo wako hatarini zaidi kwa sababu miguu yao inawafikisha juu kabla damu yao haijazoea. Kanuni wanayotumia madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mahali pale pale usiku wa ziada. Kinachohesabiwa ni pa kulala, mchana unaweza ukapanda juu zaidi ukarudi, hiyo tena inasaidia.

Tuchukue mfano wa njia ya kwenda kambi ya chini ya Everest, maana kila mtu anaijua. Unatua Lukla mita 2,860 hivi, unashuka kidogo kulala Phakding, kesho yake unapanda Namche mita 3,440, hapo unalala siku mbili. Halafu Tengboche 3,860 hivi, kisha Dingboche 4,410, tena siku mbili. Halafu Lobuche 4,940, Gorak Shep 5,164, unaenda kambini 5,364 unarudi kulala Gorak Shep. Ukiangalia namba hizo unaona zile siku mbili za Namche na Dingboche hazikuwekwa ili watu wapige picha au wale keki, ukiziondoa hesabu nzima inavunjika. Kwa hiyo wakala akikuuzia safari hiyo hiyo kwa siku nane kwenda na kurudi, bei ikiwa nzuri namna gani, mwache. Siku 12 mpaka 14 ndo za kibinadamu. (Na kwa taarifa tu, ukiwa pale kambini kilele cha Everest hukioni, kinazibwa na milima mingine. Utakiona ukipanda kilima cha Kala Patthar alfajiri, pale juu kidogo ya Gorak Shep. Watu wanaofika kambini wakageuza wanarudi nyumbani hawajakiona vizuri.)

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu. Ukipata hizo unakaa pale pale, hupandi hata mita moja mpaka ziishe, na zikizidi unashuka. Hizo bado ni za kawaida. Za kutisha ni mbili. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, mwambie atembee mstari mnyoofu akigusanisha kisigino na kidole cha mguu mwingine, akishindwa ujue ubongo unavimba. Na mtu akikaa kimya bila kufanya chochote bado anahema, anakohoa, midomo inageuka rangi, ujue maji yanajaa kwenye mapafu. Hao wawili wanashushwa saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane, kusubiri kuche ndo kosa. Kuna kidonge cha acetazolamide kinachouzwa sana kwa jina la Diamox, wengi wanakunywa miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda, kinasaidia mwili kuzoea haraka ila ongea na daktari kwanza hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Kitakukojoza sana na vidole vitakuwa vinawasha washa, hiyo usiogope. Pombe na dawa za usingizi achana nazo ukiwa juu.

Sasa njia zenyewe. Siwezi kuzitaja zote, nachukua zile ambazo naona mtu anayependa shida kidogo atafurahi.

Ya kuanzia, kama hujawahi kutembea siku mbili mfululizo na begi, ni Tiger Leaping Gorge kule Yunnan. Mto Jinsha unapita chini umebanwa kwenye korongo, ng'ambo yake unaangaliwa na mlima wa theluji wa Yulong wenye mita 5,596, na wewe unapita njia ya juu kwenye ubavu wa mlima wa upande huu. Ni siku mbili, kuna nyumba za wageni njiani kwa hiyo huhitaji hema, na urefu hauzidi mita 2,700 kwa hiyo hewa siyo tatizo. Kuna sehemu moja wanaiita kona 28, inapanda zigizaga mpaka unajiuliza nani alihesabu, maana wewe utahesabu zaidi. Mvua ikinyesha sana usiingie, mawe yanaporomoka.

Kama unapenda bahari na magofu kuliko theluji, Lycian Way ya Uturuki. Inaanzia karibu na Fethiye inaelekea Antalya, kilomita kama 540, imewekwa alama nyeupe na nyekundu kwenye mawe. Hakuna anayekulazimisha umalize yote, chukua siku nne tano ambazo zinakufaa. Sehemu ya Olympos ina kitu sijui nikielezeje, Yanartaş, moto unatoka kwenye mwamba wenyewe usiku na mchana kwa sababu ya gesi inayovuja ardhini, na umekuwa ukiwaka tangu enzi za kale. Ugumu wa njia hii ni maji, kuna visima vya zamani ambavyo kwenye ramani vipo na ukifika vimekauka, kwa hiyo kila kijiji unachopita jaza chupa zote hata kama zile za asubuhi hazijaisha.

Jordan kuna kipande cha Dana mpaka Petra, ule mji wa kale uliochongwa kwenye mwamba, siku nne au tano za jangwa na makorongo, raha yake ni kwamba unaingia Petra kwa mlango wa nyuma, unatokea kwenye lile jengo kubwa la Ad Deir wakati wenzako wanapanda ngazi kutoka upande wa pili wakiwa wamelowa jasho. Tiketi ya Petra uwe nayo mkononi kabla. Na ukiona mawingu, hata kama ni ya mbali, usilale chini ya korongo, maji yanakuja kwa ghafla kutoka mahali ambapo wewe hujaona mvua.

Kirgizistani ndo naipendekeza kwa mtu mwenye bajeti ndogo na moyo mkubwa. Njia ya Ala-Kul inaanzia jirani na mji wa Karakol, kwa kawaida siku tatu. Siku ya kwanza unatembea bondeni kwenye misitu, ya pili unapanda mpaka ziwa lenyewe lililoko mita 3,532, rangi ya bluu ya kijani ambayo kwenye simu haitoki vizuri, halafu unavuka kipito cha mlima karibu na mita 3,900. Kupanda siyo shida sana. Shida ni kushuka upande wa pili, mteremko mkali wa changarawe zinazosogea chini ya buti, hapo fimbo za kutembelea ndo zinalipa pesa yake. Ukimaliza unafika Altyn Arashan kwenye chemchemi za maji moto, unaingiza miguu humo unasahau matusi yote uliyoyatoa kule juu. Theluji inaweza kuanguka hata Agosti, kwa hiyo koti zito siyo hiari.

Rinjani sasa. Hii inadharauliwa sana kwa sababu iko kisiwani na watu wanaifananisha na likizo ya ufukweni, na ni mita 3,726 tu. Siku ya kwanza kutoka Sembalun unapita nyika ya nyasi, jua linapiga utosini, mchana unaanza kupanda vilima mfululizo ambavyo kila ukimaliza kimoja unakuta kingine, jioni unafika ukingo wa kreta, mita 2,600 na kitu. Unalala kidogo, saa nane usiku unaamshwa. Kilichobaki ni kama mita 1,100 za kupanda kwenda juu, na sehemu ya mwisho yote ni mchanga wa volkano na vijiwe. Unaweka mguu, unateleza nusu ya hatua kurudi nyuma. Unaona mstari wa tochi za kichwani mbele yako unaelekea mbinguni na hausogei. Njia ya kuishinda hiyo sehemu ni kupiga teke dogo la ncha ya buti kwenye mchanga kabla ya kuhamishia uzito, kukanyaga kwenye nyayo za aliye mbele yako, na kuhesabu hatua ishirini kisha kupumzika, siyo kupanda kwa hasira dakika mbili halafu kukaa dakika kumi maana ukikaa jasho linapoa na upepo wa pale juu haufai. Vaa kitu cha kuziba mdomo wa buti, la sivyo kila baada ya muda utakuwa unamwaga vijiwe. Ukifika, chini yako kuna ziwa la Segara Anak limekaa ndani ya shimo lililobaki baada ya mlipuko mkubwa wa 1257, na ndani ya shimo hilo hilo kuna volkano nyingine ndogo bado hai.

Halafu angalia wapagazi wa pale. Wanabeba mti wa mwanzi begani, vikapu viwili vinaning'inia mbele na nyuma vimejaa hema na mchele na maji na mayai, wengi wamevaa ndala, na wanakupita wakiimba. Ndo maana unapochagua wakala usiishie kwenye bei, muulize wapagazi wanabeba kilo ngapi, wanalala wapi, wana nguo za baridi au hawana, na nani anashusha taka. Bei ikiwa chini sana kuliko wengine wote kuna mtu amekatwa, na mara nyingi ni yule mwenye ndala. Na kingine, Rinjani kuna sehemu njia ni nyembamba na pembeni kumekatika, watalii wameshapoteza maisha hapo, kwa hiyo usikubali mwongoza njia akuache nyuma peke yako gizani kwa sababu wenzako wana kasi. Sema kabla hamjaanza: tunatembea kwa mwendo wa aliye wa mwisho. Mwaka 2018 tetemeko la Julai liliangusha mawe likanasa mamia ya wapandaji mlimani, njia zikafungwa muda mrefu, kwa hiyo kabla ya kulipa hakikisha njia unayoitaka iko wazi mwaka huo.

Kinabalu iko tofauti kabisa, kila kitu kimepangwa. Mita 4,095, unaanzia geti la Timpohon mita 1,866, kilomita 8.7 mpaka juu. Huruhusiwi kupanda bila mwongoza njia, bila kibali, na bila kitanda kilichowekwa oda kule Panalaban mita 3,272, na nafasi za kila siku ni chache kwa hiyo watu wanaweka miezi kadhaa kabla. Wanakupa kitambulisho cha kuvaa shingoni, usiku unakionyesha kwenye kituo cha Sayat-Sayat na ukichelewa kufika hapo wanakurudisha, hakuna kubembeleza. Juu ni mwamba mtupu wa itale na kamba nyeupe ya kufuata, mvua ikinyesha mwamba unateleza na wanaweza kufunga kabisa. Angalia hiyo hesabu pia: unalala 3,272 ukiwa umetoka karibu na usawa wa bahari jana yake, halafu saa nane usiku unakimbilia 4,095. Kwa hiyo kichwa kuuma pale ni kawaida, ukiweza lala usiku mmoja makao makuu ya hifadhi kabla ya kuanza, inasaidia kidogo.

Kwa ambao urefu hauwatishi ila wanataka kitu cha kutetemesha magoti kuna Daikiretto, milima ya Alps ya kaskazini ya Japani. Ni ukingo uliochongoka kati ya vilele vya Minamidake na Kita-Hotaka, minyororo, ngazi za chuma, sehemu nyingine unaweka mguu mmoja upande huu wa mlima na mwingine upande ule. Unaanzia Kamikochi, magari binafsi hayaruhusiwi kuingia kwa hiyo unapanda basi au teksi, unatembea bondeni ukifuata mto halafu unapanda Yarigatake mita 3,180. Vibanda vya milimani vinakupa chakula na godoro ila weka oda mapema na ubebe pesa taslimu. Vaa helmeti, jaza fomu ya mpango wa safari kabla ya kuanza, na kama utabiri unasema mvua, kaa kibandani ule tambi. Mwamba ukilowa hakuna ujasiri utakaokusaidia. Kwa maoni yangu hii ndo ngumu kuliko zote nilizotaja hapa kwa maana ya mikono na macho, kwa hiyo usiifanye iwe ya kwanza, na ukiwa unaogopa urefu wa kuangalia chini basi nenda Kumano Kodo, njia za mahujaji zilizoingia urithi wa dunia 2004, misitu ya mierezi na mawe yenye ukungu, nayo ina panda zake za kutoa jasho hasa siku ya kipande cha Ogumotori-goe. Fuji siipigii debe. Msongamano ni mkubwa, tangu 2025 njia zote nne unalipia yen 4,000, na kuanzia mchana geti linafungwa kwa mtu asiye na oda ya kibanda. Ila kama umejiwekea ni Fuji, haya, Julai mpaka mwanzoni mwa Septemba.

Annapurna Circuit kule Nepal bado ni moja ya njia nzuri duniani pamoja na kwamba barabara imekula nusu yake. Na barabara hiyo imeleta hatari mpya ambayo wengi hawaioni: siku hizi unaweza kupanda gari la jipu kutoka Besisahar, chini ya mita 1,000, ukashushwa Manang mita 3,500 na kitu. Siku mbili kabla ulikuwa Kathmandu unakula momo (vile vitu vyao vya unga vyenye nyama ndani), leo unalala huko juu, na keshokutwa unataka kuvuka kipito cha Thorong La mita 5,416. Usifanye hivyo. Shuka kwenye jipu Chame au chini yake, tembea, pita Upper Pisang njia ya juu ambayo ni nzuri zaidi pia, Manang lala siku mbili au tatu. Msimu ukiwepo kuna kliniki ya Himalayan Rescue Association pale Manang, mchana wanatoa somo la magonjwa ya juu, nenda ukasikilize hata kama unajiona unajua. Alama nyeupe na nyekundu ni njia kuu ya miguu, imewekwa ili ukwepe vumbi la magari, ifuate hiyo, nyeupe na bluu ni matembezi ya pembeni. Siku ya kuvuka kipito watu wanaondoka alfajiri sana kwa sababu ikifika saa nne asubuhi upepo unaanza kuwa mkali, halafu kuna mteremko wa kama mita 1,600 mpaka Muktinath, magoti yatalia. Na Oktoba 2014, mwezi ambao ndo mzuri kuliko yote, mabaki ya kimbunga Hudhud yalileta theluji ya ghafla eneo hilo wakafa watu zaidi ya 40. Wenye lodge wakikuambia leo hapavukwi, usivuke kwa sababu tu ndege yako ni Jumatano.

Mwisho wa ngazi kuna kambi ya chini ya K2, Pakistani. Hakuna lodge, hakuna keki, unatoka Skardu kwa jipu mpaka Askole, halafu wiki mbili na zaidi za hema, sehemu kubwa juu ya mto wa barafu wa Baltoro wenye urefu wa kilomita 60 na kitu. Unafika Concordia, vilele vinne vya zaidi ya mita 8,000 viko jirani hapo, K2 yenyewe mita 8,611 imesimama peke yake mbele yako. Wapo wanaotoka kwa kuvuka kipito cha Gondogoro La, karibu mita 5,600, hapo kuna kamba na vyuma vya kuvaa kwenye buti kwa ajili ya barafu, na kama hujawahi kuvivaa siyo pa kujifunzia. Inabidi upite kwa wakala mwenye leseni na kibali cha eneo hilo, kianze kushughulikiwa mapema.

Kuhusu vibali na karatasi nitapita haraka maana zinabadilika. Nepal tangu Aprili 2023 wametangaza wageni wawe na mwongoza njia kwenye njia nyingi, ingawa eneo la Everest wanaenda kwa utaratibu wao. Kibali cha kuingia Annapurna kwa mgeni ni rupia 3,000 za Nepal, hifadhi ya Sagarmatha (ile ya Everest) nayo rupia 3,000, na kuna ada nyingine juu yake. Bhutan unalipa dola 100 kwa usiku kabla hujalipia kitu kingine. Yushan ya Taiwan, mita 3,952, kitanda kwenye kibanda cha Paiyun kinapatikana kwa bahati nasibu. Ukienda India usibebe simu ya setelaiti wala kile kifaa cha kutuma ujumbe kwa setelaiti bila kibali cha serikali, watalii wamekamatwa viwanja vya ndege kwa hilo, na kwenye begi lao kilikuwa kifaa cha usalama tu.

Bima isome mstari kwa mstari. Nyingi za kawaida zinaishia mita 3,000 au 4,000, ukivuka hapo huna kitu. Tafuta inayotaja kwa maandishi urefu unaokwenda na uokoaji wa helikopta, na namba yao ya dharura iandike kwenye karatasi. Nepal kulikuwa na utapeli mkubwa wa helikopta mpaka serikali ikachunguza 2018, mtu anaumwa kichwa kidogo anaitiwa ndege, bili inaenda kwa bima na watu wanagawana. Kwa hiyo ukiwa unaweza kushuka kwa miguu yako, shuka kwa miguu, na kama ni kweli unaumwa wapigie bima wewe mwenyewe au rafiki yako.

Vitu vya kubeba, mimi nina msimamo mmoja: buti ziwe zimeshatembea. Wiki sita mpaka nane kabla uwe umezivaa kwenye panda na shuka, begi likiwa na uzito utakaoubeba, na fanya zaidi mazoezi ya kushuka ngazi kuliko kupanda kwa sababu mapaja yanaumia kwenye kushuka. Kata kucha za miguu siku moja kabla ya mteremko mrefu, usipokata utazipoteza, zinageuka nyeusi halafu zinatoka. Ukihisi sehemu ya mguu inapata joto simama hapo hapo ubandike plasta, ukisubiri mpaka pa kulala utakuwa na lengelenge. Kichujio cha maji kile cha mirija midogo kikiganda kinaharibika ndani bila kuonyesha nje, kwa hiyo usiku lala nacho ndani ya begi la kulalia pamoja na pawabenki na simu, na ubebe vidonge vya klorini kama akiba. Miwani ya jua ya ukweli kwa ajili ya theluji, tochi ya kichwani na betri za ziada, glavu pea mbili. Jinzi acha hoteli, ikilowa haikauki.

Halafu kuna zile siku mbili za dharura nilizosema uzitoe mwanzoni. Ndege za Lukla zinaahirishwa kwa mawingu hata siku tatu, uwanja wenyewe una njia ya mita 527 tu na imeinama kwa hiyo rubani asipoona haendi, na misimu yenye watu wengi ndege nyingi zinaondokea Ramechhap ambako unafika kwa gari la usiku kutoka Kathmandu. Kwa hiyo oda ziweke kwa mpangilio huu: kwanza kibali au kitanda kama njia yako ina nafasi chache (Kinabalu, Yushan, vibanda vya Japani), pili tiketi ya kimataifa ambayo inabadilishika tarehe, tatu bima, na ndege ya kurudi nyumbani isiwe chini ya siku mbili baada ya siku uliyopanga kushuka. Ukishuka mapema, Kathmandu kuna momo za kutosha.